Bila Kuzima Mizani

Mama alinipigia simu saa saba mchana, siku ya Jumatatu, kunieleza kwamba huko Mlowo kuna mtu hana akili.

"Amezima mashine," aliniambia. "Tumesimama hapa tangu saa sita, kahawa iko juani, karani anasema aliyezima ni mtu wa ofisini. Wewe si uko huko huko ofisini? Mtafute umwambie."

Nikamwambia nitamtafuta. Sikuwa na haja ya kwenda mbali, maana mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa na miezi minne tu katika kazi ile. Kabla ya hapo nilikuwa Tunduma, kwa wakala mmoja wa forodha, nikitunza kompyuta zao na kusikiliza honi za malori kutwa nzima. Kisha ushirika wa wakulima wa kahawa ukatafuta mtu wa kuwatengenezea programu ya kupimia, na kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Igamba, mtoto wa mkulima wa kahawa, niliona nimeitwa nyumbani. Ofisi yao ilikuwa Mlowo, chumba cha juu cha jengo linalouza mbolea na dawa za mimea. Ukifungua dirisha unaona barabara kuu na wanunuzi wa mahindi wakibishana. Ukilifunga unabaki na harufu ya mbolea. Tulikuwa tunalifungua.

Wiki yangu ya kwanza meneja aliniambia, "Sipiyu ya Itaka imeharibika, nenda ukaangalie." Nikabeba bisibisi zangu ndogo, kadi ya akiba ya kumbukumbu ya kompyuta na kitambaa cha kufutia vumbi. Nilipofika Itaka nikaonyeshwa mtambo mkubwa kama nyumba, umejaa vumbi na maganda makavu ya kahawa ya msimu uliopita. Huku kwetu Mbozi wakulima wanauita sipiyu mtambo wa kumenyea kahawa, ule ambao kijiji kizima hupeleka matunda yake. Nilikuwa nimekaa mjini mpaka nikasahau. Fundi, aliyekuwa na grisi hadi kwenye viwiko, aliangalia bisibisi yangu yenye urefu wa kidole, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Umekuja kuitengeneza na hiyo?"

Aliyecheka zaidi ni karani wa kituo, mzee mwembamba aliyestaafu ualimu wa hesabu. Alicheka hadi akavua miwani. Halafu akanivutia kiti, akaniletea chai, na kuanzia siku hiyo mimi nikamwita Mwalimu, yeye akaniita binti.

Tulikuwa na vituo kumi na kimoja. Kila kituo kilikuwa na mtambo, mzani, kishikwambi kilichounganishwa na mzani huo, na mashine ndogo ya kutoa risiti. Mkulima anafika na matunda yake mekundu, karani anaweka kreti kwenye mzani, kishikwambi kinasoma uzito, kinatoa uzito wa kreti tupu, na risiti inatoka ikionyesha kilo za kahawa peke yake. Uzito wa kreti tupu, saa ya kufungua na kufunga, maneno yanayoandikwa kwenye risiti, hayo yote yalikuwa ndani ya kishikwambi. Sisi ofisini tuliyaita mipangilio.

Tatizo lilikuwa hili. Kishikwambi kilisoma mipangilio mara moja tu, kinapowaka. Ukitaka kibadilike, lazima ukizime na kukiwasha. Na kikiwaka upya kilianza kuvuta orodha nzima ya wakulima kutoka ofisini, kwa mtandao ambao kwenye vituo vingine ulikuja kwa kukohoa. Dakika ishirini ukiwa na bahati. Ukiwa huna bahati, saa nzima na zaidi.

Jumatatu ile vituo vyote vilikuwa vimepokea kreti za plastiki badala ya vikapu. Uzito wa chombo kitupu ulibadilika, kwa hiyo nikazima vituo vyote kumi na kimoja saa sita kamili, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu na kikombe cha chai. Kwangu mimi ilikuwa ni kubofya mara moja. Sikufikiria foleni. Kahawa mbivu haisubiri, inatakiwa kumenywa siku hiyo hiyo inayochumwa, na jua la mchana likiipiga inaanza kuchacha. Haya nilikuwa nayajua tangu utotoni, lakini kuyajua ukiwa na kikapu kichwani ni tofauti na kuyajua ukiwa mbele ya kompyuta.

Jumapili iliyofuata nikaenda nyumbani Igamba. Tulitoka kanisani, tukala ugali na majani ya maboga, jirani yetu akaja kunywa chai. Mama akaanza kumsimulia upya habari ya Jumatatu, ingawa jirani mwenyewe alikuwepo kwenye foleni. Yule mtu wa Mlowo alikuwa ameshanenepa katika simulizi. Alikuwa mwanamume, ana kitambi, amekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi.

"Hakuna ofisi yenye kiyoyozi Mlowo," nikasema.

"Huyo anacho," mama akasema. "Mtu anayezima mashine saa sita mchana hajui jua ni nini."

Nikaona hapa nikinyamaza nitakuwa na dhambi mbili. "Mama, yule mtu ni mimi."

Akaweka birika chini. Jirani akaanza kuangalia kuku.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na siku ile nilipopiga simu hukusema."

"Ulikuwa umekasirika."

"Bado nimekasirika," akasema, lakini akanimiminia chai, na kwa jinsi alivyokuwa akiubana mdomo nilijua anazuia kicheko. Jirani hakuzuia chake. Walipomaliza kunicheka wote wawili, mama akaniuliza swali moja tu, bila ukali wowote.

"Kwa nini lazima mzime?"

Nikamweleza kwamba mashine inasoma maagizo inapoamka tu, kwa hiyo ukitaka isome mapya lazima uilaze na kuiamsha.

"Na nani aliifanya iwe hivyo?"

Nikanywa chai kwanza. "Mimi."

Mama aliniongezea kiazi.

Nilirudi Mlowo Jumatatu asubuhi nikiwa na swali lile kifuani. Nilikuwa nimeandika programu ile kwa haraka, kabla ya msimu, na kuzima na kuwasha ndiyo njia rahisi kuliko zote. Nikaenda kwa meneja. Meneja wetu alikuwa mama mmoja wa maneno machache, mwenye tabia ya kukuangalia mpaka umalize kusema hata yale ambayo hukupanga kuyasema. Nikamwambia nataka vituo viwe vinapokea mabadiliko vikiwa kazini, bila kuzimwa. Akaniangalia. Nikamwambia nahitaji wiki mbili. Akaendelea kuniangalia. Nikamwambia kwamba mama yangu alikuwa kwenye foleni.

"Chukua wiki mbili," akasema. "Foleni zisisimame wakati unatengeneza dawa ya foleni kusimama."

Wazo lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Kila dakika, kishikwambi kingeuliza ofisini: kuna mipangilio mipya? Kila mpangilio ungekuwa na namba yake, moja, mbili, tatu, kuendelea. Kama namba ya ofisini ni kubwa kuliko kiliyonayo, kishikwambi kingeichukua ile mpya na kuendelea na kazi. Kama mtandao haupo, kingeendelea na ile ya zamani mpaka mtandao urudi. Hakuna kuzima, hakuna kuvuta orodha ya wakulima upya.

Siku ya tatu nikapanda bodaboda hadi Itaka kumwonyesha Mwalimu. Alinisikiliza huku daftari lake la mistari ya miraba liko wazi na kalamu iko sikioni.

"Nieleze," akasema. "Mkulima amekuja na kreti tano. Nimeshapima mbili. Mpangilio mpya unaingia. Tatu zinazobaki zinapimwa kwa upi?"

Nilikuwa sijafikiria hilo. Nikamwambia, nadhani kwa ule mpya.

"Hapana, binti. Watoto wakishaanza kuandika mtihani hubadilishi maswali. Aliyeanza na maswali ya zamani amalize nayo. Anayeingia nyuma yake ndiye apewe mapya."

Nikaandika. Kishikwambi kingechukua mpangilio mpya, lakini kisingeutumia mpaka risiti ya mkulima aliyeko mbele iwe imetoka.

"Na mimi nikishika risiti, nitajuaje imepimwa kwa mpangilio gani?"

Hilo nalo sikuwa nalo. Akageuza daftari lake, akanionyesha kwamba kila ukurasa aliuandika namba juu, kwenye kona. Kwa hiyo namba ya mpangilio ikaingia kwenye kila risiti, chini kabisa, kwa maandishi madogo. Sikuona faida yake kubwa wakati ule. Niliiweka kwa sababu Mwalimu ndiye aliyetaka, na nilikuwa nimekunywa chai yake.

Wiki mbili zikawa wiki mbili na siku nne. Ofisini nilitundika kioo cha kompyuta ukutani, kikionyesha majina ya vituo kumi na kimoja na mbele ya kila jina namba ya mpangilio ambao kituo kinautumia. Siku ya kwanza nilibadilisha kitu kidogo tu, maneno ya chini ya risiti, kutoka "Asante" kuwa "Asante, karibu tena". Nikakaa mbele ya kile kioo. Itaka ikageuka kuwa namba mbili. Kisha Igamba. Kisha vituo vitatu kwa pamoja, halafu vingine kimoja kimoja, kama watu wanaoingia kanisani. Ndani ya dakika mbili vyote vilikuwa na mbili, na hakuna karani hata mmoja aliyepiga simu. Nilitoka nje nikanunua mahindi ya kuchoma mawili, nikala yote mwenyewe huku nimesimama.

Mambo yakaenda vizuri hivyo kwa majuma kadhaa. Nilibadilisha saa za kufungua asubuhi kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita, nikarekebisha jina la kijiji lililokosewa. Vituo vikabadilika vikiwa vinapima. Ndipo nikaanza kujiamini, na mtu akijiamini vidole vinatangulia macho.

Ilikuwa mpangilio wa saba. Tulipokea kreti nyingine, nyepesi kidogo kuliko za kwanza, kreti tupu ikiwa na kilo moja nukta nane. Saa nne asubuhi nikaandika uzito huo, nikabofya, nikageukia kazi nyingine. Nukta haikuingia. Nilikuwa nimeviambia vituo vyote kumi na kimoja kwamba kreti tupu ina kilo kumi na nane.

Nikaangalia ukutani na kuona saba, saba, saba, zimejipanga vizuri. Nikafurahi.

Simu ya Mwalimu ilikuja dakika chache baadaye. Sauti yake ilikuwa ya utulivu kabisa, ile ya mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Binti, hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nina mzee hapa ameleta kreti moja, mzani unasoma kilo kumi na tano. Risiti inasema ameleta kilo hasi tatu."

Sikuelewa mara moja. "Hasi?"

"Hasi. Yaani, kwa mujibu wa mashine yako, ameleta kilo tatu pungufu ya kutoleta chochote. Nimsaidieje?"

Nikafungua mipangilio, nikaona ile kumi na nane imenikodolea macho. Nikaandika upya uzito sahihi, nukta ikiwemo, nikaupa mpangilio huo namba nane, nikabofya. Halafu nikasimama mbele ya kile kioo nikiwa nimeshika kichwa. Itaka ikawa nane. Igamba ikawa nane. Vituo vingine vikafuata. Kituo cha mwisho kilipogeuka ilikuwa haijapita dakika moja na nusu.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui aliingia saa ngapi.

"Zamani," akasema, "kosa kama hilo tungelisambaza kwa siku nzima. Sasa umelisambaza kwa dakika moja."

Nikasema ndiyo.

"Na umeliondoa kwa dakika moja. Hilo la pili nimelipenda. Sasa tafuta waliopunjwa."

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile namba ndogo chini ya risiti. Nikatafuta risiti zote zenye namba saba. Zilikuwa ishirini na sita, vituo vyote kwa pamoja, na kila moja ilikuwa na jina la mkulima. Bila ile namba ningekesha nikilinganisha saa na dakika. Nikawapigia makarani mmoja mmoja, wakawaita wakulima kabla hawajafika mbali, wengine walikuwa bado wanaosha kreti zao pale pale, na risiti mpya zikatoka. Mchana haujafika zilikuwa zimesahihishwa ishirini na tano.

Ya ishirini na sita ilikuwa ya yule mzee wa Itaka, na yeye alikataa kuirudisha. Mwalimu aliniambia niende mwenyewe.

Nilifika kesho yake, nyusi zimejaa vumbi jekundu la njiani. Mzee alikuwa amekaa kwenye gunia karibu na mzani, amevaa koti zito la sufu, na risiti iko kwenye mfuko wa shati. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba kosa ni langu, si la karani wala la mzani, na kwamba nimekuja na risiti yake sahihi.

"Nipe hiyo sahihi," akasema, akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaridhika.

"Na ile nyingine, baba?"

"Ile ni yangu."

"Ina makosa."

"Najua ina makosa. Nimelima kahawa tangu sijaota ndevu. Nimeleta kahawa nyingi, nimeleta kahawa kidogo, mwaka wa ukame sikuleta kabisa. Lakini pungufu ya kutoleta kabisa sijawahi, na hapa Itaka hakuna mwingine aliyewahi. Hii nitawaonyesha wajukuu."

Watu waliokuwa kwenye foleni walishaanza kucheka. Mama mmoja mwenye kreti mbili akamuuliza Mwalimu hiyo hasi tatu maana yake ni nini hasa. Mwalimu hakuhitaji kuombwa mara mbili. Akaokota chaki, akachora mstari mrefu ubavuni mwa tangi la maji, akaweka sifuri katikati, akaanza kufundisha. Upande huu ni kahawa uliyoleta. Hapa hujaleta. Upande huu sasa, ndipo mashine ilipompeleka mzee wetu.

"Kwa hiyo angeleta kreti mbili kama hiyo," yule mama akasema, "angepungua sita?"

"Sahihi kabisa," Mwalimu akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo nadhani hakuwa ameipata tangu astaafu. "Kadiri anavyoleta ndivyo anavyozidi kupungua."

"Basi mimi ningekaa nyumbani," mzee akasema kutoka kwenye gunia lake.

Nilicheka pamoja nao, ingawa mashavu yalikuwa yananiwaka. Foleni iliendelea kusogea wakati wote huo, kwa sababu karani msaidizi alikuwa anapima huku anasikiliza somo. Mwishoni Mwalimu alifuta chaki mikononi, akanisogeza pembeni.

"Kwa nini hukuanza na mimi?" akaniuliza.

"Kuanza na wewe vipi?"

"Umepeleka kwa wote kumi na mmoja kwa mpigo mmoja. Ungeleta kwangu kwanza. Mimi ningeona kreti ya kwanza tu, ningekupigia, na hao kumi wengine wasingejua kuna kitu kimetokea. Kwa nini mpishi aonjeshe harusi nzima kwa wakati mmoja?"

Nikamwambia sikutaka kumbebesha makosa yangu.

"Binti, nimesahihisha makosa ya watoto miaka yote ya kazi. Hili gani la kunishinda?"

Tangu siku hiyo kila badiliko lilikwenda Itaka kwanza. Mwalimu alidai apigiwe simu kabla, si baada. Angepima wakulima watatu, angelinganisha risiti na hesabu ya daftari lake, ndipo angeniambia, "Endelea." Kisha lilikwenda vituo vitatu, tukasubiri kidogo, ndipo vyote. Pia niliifundisha programu kukataa upuuzi. Ukiiambia kreti tupu ina kilo kumi na nane, kishikwambi kinabaki na mpangilio wake wa zamani na kutuma malalamiko ofisini. Meneja alipoona malalamiko ya kwanza ya namna hiyo, ambayo niliyasababisha makusudi ili kujaribu, alisema ni mara yake ya kwanza kuona mashine yenye adabu.

Mwezi wa saba kahawa iliiva yote kwa pamoja. Siku kadhaa za jua kali baada ya baridi, na miti ikawa myekundu kutoka Igamba hadi Itaka. Jumamosi moja nilikuwa nyumbani kumsaidia mama. Tulichuma tangu asubuhi, na saa tisa alasiri tulikuwa kituoni na kreti tano, nyuma ya foleni ambayo sikuwahi kuiona ndefu namna ile. Ilizunguka ukuta wa kituo, ikapita kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Vituo vilikuwa vinajifunga vyenyewe saa kumi na moja jioni, ili mtambo upate muda wa kumenya kahawa yote iliyopokelewa. Nilihesabu watu waliokuwa mbele yetu nikajua hatutafika.

Mama naye alikuwa amehesabu. Alianza kufunika kreti kwa kanga.

Saa kumi na robo meneja akapiga simu. Vituo vyote vilikuwa na hali hiyo hiyo, mafundi wa mitambo wamekubali kubaki, na yeye anataka mapokezi yaendelee hadi saa moja. "Uko wapi?" akaniuliza.

"Kwenye foleni, Igamba."

"Unaweza kufanya ukiwa hapo?"

Nikavua kata ya nguo niliyobebea kreti kichwani, nikaifuta mikono nayo, nikatoa simu. Mama alisogea kunikinga jua ili nione kioo. Niliandika saa mpya, nikaisoma mara tatu kwa sauti, mama akiisikiliza kana kwamba ni somo la Jumapili. Halafu nikampigia Mwalimu.

"Mwalimu, mpangilio wa kumi na tisa unakuja. Ni saa ya kufunga tu."

"Ngoja, kuna mtu yuko katikati." Nilisikia kreti ikishushwa na risiti ikikatwa. "Haya, lete." Tukasubiri, kila mmoja upande wake wa simu. "Imeingia. Inasoma saa moja. Sasa acha nipime watatu."

Alipima watatu. Wakati huo foleni yetu ilisogea hatua sita, na mimi nikasukuma kreti kwa mguu huku simu iko sikioni.

"Endelea," akasema.

Nikapeleka vituo vitatu, kisha vyote. Vituo kumi vilipokea. Kimoja, kilichoko bondeni, kilibaki na mpangilio wa kumi na nane kwa sababu mtandao wao huwa unapotea alasiri. Nikampigia karani wake, nikamwomba apande na kishikwambi mpaka uwanja wa kanisa mara tu atakapomaliza mkulima aliye mbele yake. Nilimsikia akihema njiani. Kisha akasema, "Kimelia kidogo," na kwenye simu yangu namba yake ikageuka.

Saa kumi na moja ilipofika, watu wengi kwenye foleni ya Igamba waliangalia mlango wa kituo. Karani alikuwa anapima. Ilipofika na dakika tano alikuwa bado anapima. Watu wakaangaliana, wengine waliokuwa wameshajitwisha kreti zao kuondoka wakazitua tena, na minong'ono ikapita kutoka mbele hadi nyuma kwamba leo ni hadi saa moja.

"Ndiyo umemaliza?" mama akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Sijaona ulichofanya." Akaangalia mzani, akaangalia simu yangu. "Hawakusimama hata kidogo."

"Hawakusimama."

Akafikiri. Halafu akamgeukia jirani yetu, aliyekuwa watu wawili nyuma, akamwambia kwa sauti ambayo hata waliokuwa shambani waliisikia kwamba aliyeongeza saa ni huyu, na kwamba hana kitambi. Jirani akaniuliza kama kutoka hapo hapo kwenye simu ningeweza pia kumwongezea kilo kumi. Nikamwambia kwa hilo mashine italalamika ofisini.

Zamu yetu ilifika jua likiwa limeshuka nyuma ya migomba. Kreti zetu tano zilipimwa moja baada ya nyingine, karani akakata risiti, mama akaikunja na kuifunga kwenye pembe ya kanga. Kahawa yetu ikamiminwa kwenye mtambo, ikaanza kuzunguka na maji.

Tulirudi nyumbani na kreti tupu vichwani. Njiani maongezi yakahamia kwenye harusi: shangazi yangu anayeishi Tunduma alikuwa na binti anayeolewa mwezi wa nane, na wakwe walikuwa wa ng'ambo ya mpaka. Mama na jirani walitangulia, wakibishana kama watu wa Zambia watakubali ugali wetu au watataka wapike wenyewe. Jirani alisema watapika wenyewe. Mama alisema hakuna mgeni atakayeshika mwiko kwenye harusi ya familia yetu. Walikuwa hawajakubaliana tulipofika getini.